WATOTO WALIOZIKWA NJIANI: Jinsi Makaburi ya Wachanga wa Wamormoni Yanavyotafutwa

Kabla sijaingia kwenye mada yenyewe naomba unipe dakika mbili nikueleze nilivyojikuta katika mambo haya ya makaburi, maana wenzangu wa Kidato cha Tatu wameshaanza kuniita Mchimba Kaburi, na Mwalimu mlezi wa chama aliposikia mada yangu alivua miwani akanitazama kwanza.

Mwaka 2019, wakati wa sensa, nilikuwa na miaka tisa. Karani alikuja kwetu jioni, akaketi kwenye stuli karibu na mlango na kile kitabuleti chake. Aliuliza maswali mengi. Alipofika kwa Mama akamwuliza amezaa watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai. Mama akajibu, "Wanne." Mimi kwa kimbelembele changu nikaropoka, "Mama, tuko watatu!" Nilikuwa nimehesabu vizuri: kakangu mkubwa, mimi, na kitinda mimba. Mama hakunigombeza. Alimwambia karani kwa sauti ya chini, "Mmoja aliaga." Karani akabonyeza, kisha akauliza kama tunapikia kuni ama gesi.

Basi neno hilo lilikaa kifuani mwangu kama mwiba wa samaki. Sikuthubutu kuuliza. Kwetu jambo la mtoto mchanga aliyekufa halizungumzwi mezani, na wala si mezani tu, halizungumzwi popote.

Sasa, mtaani kwetu kuna jirani mmoja, mzee mstaarabu sana, ambaye huabudu katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani wale ambao watu huwaita Wamormoni. Kanisa hilo lilitambuliwa rasmi hapa Kenya mwaka 1991. Mimi si muumini wa huko na makala hii si mahubiri, kwa hivyo Mwalimu wa Dini asishtuke. Nilikwenda kwa mzee huyo kuazima ngazi. Ukutani nikaona picha ya sanamu: mwanamume na mwanamke wamesimama wakiegemeana, wamejifunika nguo nzito, upepo unawapiga, nao wanatazama chini kwenye kaburi la mtoto wao mchanga. Nikasahau ngazi. Nilimwuliza, "Mzee, hawa ni nani?" Akaniambia nivute kiti.

Sanamu hiyo ilichongwa na Avard Fairbanks na kuzinduliwa mwaka 1936 mahali panapoitwa Winter Quarters, leo ni sehemu ya mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, kule Marekani. Kando yake kuna bamba la shaba lenye majina ya mamia ya watu waliofia hapo na kandokando ya hapo. Yasome uone: wengi ni watoto.

Tuanze mwanzo. Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York. Tangu mwanzo waumini wake walichukiwa na majirani, wakawa wakifukuzwa kutoka jimbo moja hadi jingine kama kuku wa mgeni. Mwaka 1844 Joseph Smith aliuawa na kundi la watu akiwa jela mjini Carthage, Illinois. Miaka miwili baadaye, Februari 1846, katikati ya baridi, waumini walianza kuuacha mji wao wa Nauvoo ulioko ukingoni mwa mto Mississippi, wakaelekea magharibi wakiongozwa na Brigham Young. Walikuwa na magari ya kukokotwa na maksai. Safari nzima kutoka Nauvoo hadi bonde la Salt Lake ni kama kilomita 2,100. Ukitaka kuielewa, tembea kutoka Nairobi hadi Mombasa, rudi, nenda tena, rudi tena, na bado hujamaliza.

Kundi la kwanza liliingia bondeni Julai 1847. Tangu hapo hadi mwaka 1869, reli ilipokamilika, watu wapatao 70,000 walisafiri njia hiyo. Wengi walikuwa wametoka Uingereza na nchi za Skandinavia, watu wa viwandani na mashambani ambao hawajawahi kumfunga maksai nira.

Mwaka wa kwanza ndio uliokuwa mchungu kama shubiri. Watu walichelewa matopeni jimboni Iowa, na majira ya baridi yakawakuta kando ya mto Missouri, katika ardhi ya watu wa kabila la Omaha. Hapo ndipo walipojenga vibanda vya magogo na vya udongo wenye nyasi, wakapaita Winter Quarters. Malaria ilikuwako (naam, malaria hii hii yetu, kumbe hata wao iliwafika!). Mboga hazikuwako, kwa hivyo wakaingiwa na kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuoza na miguu kuwa myeusi kwa kukosa matunda na mboga. Mama mwenye kiseyeye hana maziwa ya kutosha. Mtoto asiye na maziwa katika kibanda chenye baridi, sihitaji kukueleza zaidi.

Nikupe mfano wa mtu mmoja, maana wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alikuwako mama kijana aliyeitwa Jane Snyder Richards. Mumewe, Franklin, alikuwa ametumwa kwenda Uingereza kuhubiri, akamwacha akiwa mja mzito njiani. Julai 23, 1846 Jane alijifungua mtoto wa kiume ndani ya gari la maksai. Akamwita Isaac. Mtoto hakumaliza hata siku moja. Jane alikuwa pia na binti, Wealthy, hajatimiza miaka mitatu, naye alikuwa mgonjwa. Inasimuliwa kwamba binti huyo alitamani supu ya viazi, bibi yake akaenda kuomba kiazi kwenye shamba walilolipita, akanyimwa kwa sababu ya dini yao. Septemba mwaka huohuo Wealthy naye akafariki. Franklin alikuwa mbali, katika safari yake ya kwenda kuhubiri. Nilipomaliza kusikia kisa hiki nilikaa kimya, na mimi si mtu wa kukaa kimya.

Kiongozi mmoja, Wilford Woodruff, alikuwa akiandika shajara karibu kila siku ya maisha yake, kuanzia miaka ya 1830 hadi alipokufa mwaka 1898. Humo ndani utakuta kwamba Novemba 1846 alimzika mwanawe Joseph, wa mwaka mmoja na miezi michache. Desemba, mkewe Phoebe akajifungua kabla ya wakati. Mtoto huyo, Ezra, aliishi siku mbili. Watoto wawili chini ya udongo mmoja katika muda wa mwezi mmoja. Na huyo alikuwa mmoja wa wakubwa wa kanisa! Si kwamba wakubwa walikuwa na chakula wakawanyima wadogo. Kifo kiligonga milango yote.

Sasa swali ambalo lilinifanya niandike makala haya ni hili: sisi tunajuaje? Huyo Ezra wa siku mbili, hakuwa na kitambulisho, hakuwa na cheti cha kuzaliwa, hakuenda shule, hakulipa kodi. Miaka zaidi ya 170 imepita. Nani alimkumbuka?

Mzee jirani alinieleza kwamba kwanza lazima nielewe imani yao. Wao wanaamini kwamba familia inaweza kuunganishwa hekaluni iwe moja hata baada ya kufa, na kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa kwa niaba ya waliokwisha kufariki. Mtoto aliyekufa kabla ya kutimiza miaka minane hahitaji kubatizwa, kwa mafundisho yao, lakini anaunganishwa na wazazi wake. Ili umwunganishe lazima umjue jina, umjue mama yake, ujue alizaliwa lini. Ndiyo maana waliunda chama cha nasaba mjini Salt Lake City mwaka 1894, wakaanza kupiga picha za kumbukumbu kwenye mikrofilamu mwaka 1938, na miaka ya 1960 wakachimba ghala ndani ya mlima wa mawe kuzihifadhi. Mikrofilamu hizo zilifika zaidi ya milioni 2, na mwaka 2021 wakamaliza kuzigeuza zote kuwa picha za kompyuta. Wewe unaweza kukubali imani hiyo au usiikubali. Mgala muue na haki mpe: hakuna mahali pengine nilipowahi kusikia watu wakichimba mlima kwa ajili ya majina ya marehemu.

Haya, tuingie kazini. Ukitaka kumtafuta mtoto mchanga aliyekufa katika familia ya wasafiri wale, hatua ya kwanza si kaburi. Ni hesabu ya vidole. Unaandika watoto wote wa mama mmoja na miaka waliyozaliwa. Zamani hizo mama alizaa kila baada ya miaka miwili hivi, kwa kuwa alinyonyesha. Basi ukiona 1842, 1844, 1846, kisha ghafla 1850, hapo pana pengo kama la jino lililong'oka. Huenda baba alisafiri. Huenda mama aliugua. Lakini mara nyingi hapo katikati palikuwa na mtoto. Na kumbuka hili pia: mtoto akifa mapema kunyonyesha kunakoma, na mimba nyingine huja upesi, kwa hivyo mwaka mmoja tu kati ya ndugu wawili nao ni dalili. Mimi niliposikia hivyo nilihesabu kwetu usiku huohuo. Kati ya kakangu na mimi kuna miaka sita.

Baada ya hapo unakwenda kwenye sensa. Hapa ndipo niliporuka kutoka kitini. Sensa ya Marekani ya mwaka 1900, na ile ya 1910, iliwauliza akina mama swali lilelile aliloulizwa Mama: umezaa wangapi, na walio hai ni wangapi? Bibi kizee wa Utah aliyevuka nyika akiwa msichana anaonekana pale: amezaa 11, walio hai 7. Karani hakuandika majina ya wale wanne, lakini sasa unajua ni wanne, na hutalala mpaka uwapate. Sensa ya 1890 usiitafute sana, kwa kuwa sehemu yake kubwa iliharibiwa na moto wa mwaka 1921 mjini Washington.

Kuna na orodha nyingine ya ajabu kidogo. Kuanzia mwaka 1850 hadi 1880, kila sensa ilipofanyika, makarani waliandika pia kila mtu aliyefariki katika miezi 12 iliyotangulia, umri wake na kilichomuua. Ni nzuri sana, ila ina kasoro moja ambayo umeshaiona: mtoto aliyekufa mwaka 1853 hayumo, wala wa 1857. Ni kama mlinzi wa lango anayefungua macho mwaka mmoja kisha analala miaka tisa.

Vyeti je? Jimbo la Utah lilianza kuandikisha vizazi na vifo vyote mwaka 1905. Kabla ya hapo unategemea mtunza makaburi. Huyu mtu, ndugu msomaji, anastahili heshima kuliko anayopewa. Winter Quarters palikuwa na daftari la mtunza makaburi. Aliandika jina la marehemu, wazazi, umri, ugonjwa, na nambari ya kaburi. Watu wana njaa, theluji imejaa, na bado mtu ameketi na kalamu anaandika nambari ya kaburi la mtoto wa majuma matatu! Salt Lake City nako walifanya hivyo. Makaburi ya mji ule, ambayo leo yana watu zaidi ya 120,000, yalianza na kaburi moja la mtoto mdogo, Mary Wallace, Septemba 1847. Aliyemzika ni baba yake, George Wallace. Baadaye baba huyohuyo ndiye aliyekuwa mtunza makaburi wa kwanza wa mahali pale.

Wakunga nao waliandika. Maarufu kuliko wote ni Patty Sessions, ambaye inasemekana aliwapokea watoto karibu 4,000 maishani mwake. Alikuwa na miaka 51 hivi walipoondoka Nauvoo, na yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto kadhaa. Shajara yake si ya maneno mengi: leo nimemzalisha fulani, mvulana, leo baridi, leo nimeshona. Lakini kwa mtafiti mstari mmoja kama huo ni dhahabu, kwa sababu kama mtoto huyo haonekani tena popote, mkunga ndiye shahidi wake wa pekee kwamba aliwahi kulia.

Zipo pia kumbukumbu za kanisa lenyewe. Kwao mtoto mchanga huletwa mbele ya waumini, akabarikiwa na kutangazwa jina, na jambo hilo huandikwa kitabuni. Zipo Biblia za familia zenye kurasa za vizazi na vifo. Lipo gazeti la Deseret News lililoanza mwaka 1850 likitangaza vifo. Haya sitayakawiza.

Njiani penyewe ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mtu akifa asubuhi, msafara unaondoka saa sita. Mbao za jeneza hakuna. Walizika katika blanketi, katika droo ya kabati, katika gogo lililochongwa. Mara nyingi kaburi lilichimbwa katikati ya barabara, kisha magari na maksai yakapitishwa juu yake makusudi, ili harufu ipotee na mbwa mwitu wasifukue. Hebu fikiria mama anatazama magurudumu yakipita juu ya mwanawe, na anajua kwamba hiyo ndiyo njia ya kumlinda! Alama hapakuwa. Alama ingemwita mnyama.

Kwa hivyo makaburi yanayojulikana njia nzima ni ya kuhesabika. Mojawapo ni la mwanamke mtu mzima, Rebecca Winters, aliyekufa kwa kipindupindu Agosti 1852 huko Nebraska. Rafiki wa familia alichukua chuma cha gurudumu, akachonga jina lake na umri wake kwa patasi, akakipinda na kukisimamisha kaburini. Mwaka 1899 wapima reli walikikuta, na reli ikasogezwa kando kidogo kumpisha. Chuma kilidumu. Mbao zote zilizowekwa kwenye makaburi mengine zilioza ama zikachomwa na wasafiri waliofuata wakitafuta kuni.

Labda umewahi kusikia habari za wale wa mikokoteni. Kati ya mwaka 1856 na 1860, waumini maskini kama 3,000 hivi walisafiri kwa makundi 10 wakisukuma mikokoteni kwa mikono, kwa kuwa hawakuweza kununua maksai. Si mikokoteni mikubwa ya sokoni kwetu, ni midogo, lakini kazi ni ileile na sokoni hakuna theluji. Makundi mawili ya mwaka 1856, la James Willie na la Edward Martin, yalichelewa kuondoka, theluji ikayakuta Wyoming mwezi Oktoba. Zaidi ya watu 200 walikufa katika makundi hayo mawili. Mahali panapoitwa Rock Creek watu 13 walizikwa katika kaburi moja, na wawili walioshiriki kulichimba wakafa wakazikwa karibu. Mmoja wao hapo alikuwa James Kirkwood, wa miaka 11, ambaye alikuwa amembeba mdogo wake wa miaka minne kupanda mlima katika tufani. Alimfikisha kwenye moto, akamtua, kisha yeye akafa. Mdogo akapona. Kwa upande mwingine, kundi la Martin lilipokuwa karibu kufika, mtoto wa kike alizaliwa katika bonde la Echo, naye akaitwa Echo. Huyo aliishi.

Lakini hapa nataka niseme jambo ambalo mzee jirani mwenyewe alikubaliana nami shingo upande. Masimulizi ya mikokoteni yamewafanya watu wadhani kwamba kila familia ilimzika mtu njiani. Si kweli. Mwaka 2014 watafiti walitoa hesabu ya wasafiri 56,000 hivi wa kati ya 1847 na 1868, jina kwa jina. Waliokufa njiani, ama katika mwaka ule waliofika, walikuwa 1,910. Ni kama watu watatu na nusu katika kila mia. Wengi kupita kiasi, ndiyo, lakini familia nyingi zilifika zote salama. Hata hivyo mauti hayakukomea njiani. Ukisoma daftari za makaburi za Salt Lake City za miaka iliyofuata utaona surua, kifaduro, dondakoo, kuhara kwa majira ya joto. Watoto waliovuka nyika salama wakafia kitandani.

Mtego wa kwanza wa mtafiti ni majina ya magonjwa. Utakuta mtoto amekufa kwa "meno". Meno hayaui. Ni kwamba mtoto wa miezi minane aliharisha, na kwa kuwa alikuwa anaota meno, watu wakayatwika meno lawama. Nyanya yangu angekubaliana nao kabisa.

Mtego wa pili ni jina kurudiwa. Mtoto akifa, aliyezaliwa baada yake mara nyingi alipewa jina lilelile. Unakuta William wa 1848 na William wa 1851, unadhani karani alikosea mwaka, unamfuta mmoja. Umemfuta mtoto! Walio na mila ya kurithisha majina ya marehemu hapa kwetu hawawezi kuanguka katika mtego huo kirahisi.

Mtego wa tatu ni wake wengi. Wamormoni wa enzi hiyo walitangaza hadharani ndoa za wake wengi mwaka 1852, na kanisa likatoa tamko la kuziacha mwaka 1890. Bwana mmoja anaweza kuwa na watoto watatu waliozaliwa mwaka mmoja. Daftari la makaburi likiandika "mtoto wa fulani" kwa jina la baba tu, lazima umtafute mama wa huyo mtoto kati ya nyumba tatu au nne. Na tahajia! Mtu wa kwanza wa msafara ule kufariki katika bonde la Salt Lake alikuwa mvulana wa miaka mitatu, Milton, aliyezama kijitoni Agosti 1847, majuma machache tu baada ya kufika. Jina la ukoo wake limeandikwa Therlkill, Thirlkill na hata Threlkill. Watatu hao ni mtoto mmoja.

Nimalizie upande huo na jambo lililotokea mwaka 1986. Wajenzi walikuwa wakichimba msingi katikati ya jiji la Salt Lake, wakakuta mifupa. Kumbe hapo palikuwa na makaburi ya wasafiri wa mwanzo kabisa, yaliyotumika mwaka wa kwanza kabla ya makaburi ya mji kupangwa, yakasahaulika, mji ukajengwa juu yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waliitwa. Walifukua mabaki ya watu zaidi ya 30, wakiwamo watoto wachanga wengi. Mwaka uliofuata wakazikwa upya kwa heshima katika bustani ya ukumbusho karibu na mlango wa bonde. Mji ule una ghala la majina mlimani, na bado ulikuwa umejenga juu ya watoto wake wenyewe miaka mia moja na zaidi bila habari.

Hilo lilinipa ujasiri. Likizo ya Agosti, tulipokuwa kwa Nyanya mashambani, nilimngoja Mama alipoketi kuchambua mboga. Nikamwambia, "Mama, nina makala ya Chama cha Kiswahili." Nikamsimulia habari za Jane Richards mwanzo hadi mwisho. Aliendelea kuchambua. Nilipofika kwa yule binti na supu ya viazi akasimamisha mikono. Nikasema, "Mama, yule wa nne. Yule aliyemwuliza karani."

Alikaa. Kisha akaniambia alikuwa msichana. Alizaliwa miaka mitatu kabla yangu, akaishi siku 19, homa ikamchukua usiku. Alizikwa na akina mama watatu alfajiri, nyuma ya nyumba ya Nyanya, karibu na migomba, na Mama hakuruhusiwa kwenda. Nikamwuliza kama alikuwa amepewa jina. Akasema watu wazima walimwambia asilitaje, na hakulitaja, miaka yote hiyo. Akalitaja.

Sitaliandika hapa, si langu kulichapisha. Nimeliandika katika daftari langu la Historia, ukurasa wa mwisho, jina, siku aliyozaliwa, siku aliyofariki, ugonjwa, na mahali. Nilipomwonyesha Mama alilisoma akalirudisha, akasema nimekosea tarehe. Ilikuwa Jumanne, tarehe 13, si 12. Nikafuta kwa ufutio nikaandika upya, naye akasimama nyuma yangu akitazama mpaka nikamaliza. Nyanya alikuwa mlangoni. Alitupita bila neno, akaenda hadi kwenye migomba, akatuita twende tuone ni shina lipi.